Baba Ameitwa Kumsomea Marehemu, na Marehemu Ni Yeye

Hajati Rashidah, shikamoo, nisaidie kabla ya Jumamosi, na nikisema Jumamosi namaanisha hii hii inayokuja, maana baada ya hapo hutakuwa na mtu wa kumshauri, nitakuwa nimehamia Juba au nimetumbukia chooni, na tafadhali jina langu usilitaje, ingawa jinsi mambo yalivyo utahangaika bure kulificha.

Mimi ni mwimbaji. Si wa kwenye mabango, Hajati, ni wa kujitegemea, maana yake natunga mwenyewe, naimba mwenyewe, nabeba gitaa mwenyewe juu ya bodaboda huku dereva akiniuliza kama ndani ya mfuko kuna bunduki, narekodi chumbani kwa Bénit, rafiki yangu Mkongo anayenipigia besi, tumeegemeza godoro ukutani ili jogoo wa jirani asiingie kwenye wimbo na bado ameingia kwenye nyimbo mbili, kisha nazipandisha mtandaoni mwenyewe, na wanaotaka kunikodi nawajibu kwa jina la meneja ambaye hayupo, ni mimi tu nimekaza lugha. Wenye studio kubwa wamenifuata, mmoja akaniambia sauti ninayo lakini kiuno changu hakifanyi kazi, nikamwambia kiuno changu ni cha kufungia leso, akaenda zake. Sijutii. Nataka kuimba maneno yaliyotoka kichwani mwangu, hata kama ni mbele ya watu wanaotafuna, maana huko Bukoto ninakoimba unaweza kuwa umefumba macho kwenye ubeti wa kulia na mtu akauliza kwa sauti kama chipsi zake zimeiva. Ndiyo maisha ninayoyapenda, naomba hilo ulielewe kabla hujaanza kunigombeza.

Sasa nyumbani. Kwetu ni Mengo, familia ya zamani, babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akanogewa na ndizi akabaki, ndiyo maana tunaongea Kiswahili ndani ya nyumba mpaka majirani wapya hudhani sisi ni familia ya polisi, maana hapa Kiswahili ni lugha ya askari. Baba yangu ni Mwalimu Abdulghani, anauza vitambaa na anafundisha watoto Kurani, na kila penye msiba anaitwa yeye kwa sababu ya sauti, akiinua mikono kuomba dua hata waliokuja kwa ajili ya pilau wanalia. Basi baba alioa mke wa pili, Bi Shamim wa Nakawa, akaanza kwa zamu kama dini inavyotaka, kisha zamu yetu ikawa fupi, kisha ikawa salamu za simu, kisha simu yenyewe ikawa ya Idi kwa Idi. Hakugombana na mtu. Asubuhi moja aliondoka amevaa shati, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa akaiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mama, na iko pale mpaka leo, nyeupe vilevile, haina hata vumbi, mama haisemi wala haiondoi, na mimi kila nikiingia kuchukua pasi naiona, mwishowe nikaitungia wimbo.

Unaitwa “Kanzu Nyuma ya Mlango”. Sikutaja kufa hata mara moja, wallahi. Nimesema tu kwamba mwenye kanzu ameondoka bila kuaga, Ijumaa inakuja inapita, nimenusa shingo ya kanzu bado ina udi, nimeuliza mlango atarudi lini na mlango umenyamaza. Siku ya kwanza kuuimba chipsi zilipoa mezani. Watu walilia, Hajati, mwanamume mzima alitoka nje kumpigia baba yake simu, na wakaanza kuniita Binti Kanzu, jina likanishika kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Nikaitwa redioni. Mtangazaji, kijana wa watu mwenye adabu, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, akavua hedifoni, akaniambia hewani, “Kitalo nnyo, nyabo, pole sana kwa kumpoteza mzee.” Na nilijua kabisa anamaanisha nini, na nafasi ya kusema hapana nilikuwa nayo, mzee hajafa, mzee yuko Nakawa, lakini nikakumbuka mama yuko jikoni na redio imefunguliwa mwisho, ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anaongea, sasa niutangazie mji kwamba mume wake mzima wa afya amehamia tu kwa Shamim, ulimi ulinigomea, kufa kulionekana kuna heshima zaidi kuliko Nakawa, nikasema, “Asante.” Basi. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakaanga vitunguu, akasema umeimba vizuri ila umeongea kidogo, akaendelea na vitunguu vyake.

Tangu siku hiyo baba amekuwa akifa zaidi kila wiki. Watu wananishika mikono mlangoni wananipa pole, wengine na rambirambi. Mama mmoja akauliza mzee aliugua nini, mimi nikaangalia chini, Bénit akajibu, “Presha,” kwa hiyo sasa ana mpaka ugonjwa. Kuna shabiki anaandika mtandaoni kwamba alihudhuria maziko, na ameeleza mvua ilivyonyesha. Banange, hata mimi nilianza kuiona hiyo mvua!

Jumamosi ndiyo uzinduzi wa albamu yangu, kwenye bustani moja ya Bukoto. Anayeniandalia shughuli ni Ocen, kijana wa Gulu mwenye roho nzuri kupita kiasi, na hiyo roho ndiyo imenimaliza, maana bila kuniuliza ameamua kwamba mchana, kabla ya muziki, marehemu asomewe dua na watu wale pilau. Akaja kunipa habari anang'aa. “Sista, mimi nimepata sheikh moja, hiyo mzee akisoma wewe utalia mpaka kesho. Bia tunafunga mpaka yeye anaenda. Sisi tunaheshimu baba yako.” Nikamwuliza sheikh anaitwa nani, akanitajia, nikakaa chini palepale kwenye ngazi za watu.

Kesho yake simu ikalia, baba, wala si Idi. “Maimunah, hujambo mwanangu. Jumamosi nitakuwa Bukoto, nimeitwa kumsomea baba wa binti mmoja mwimbaji, wanamwita sijui Binti Kanzu, wewe ulikuwa unapigapiga gitaa, labda unamjua.” Nikasema namsikiasikia. Akasema, “Njoo basi tule pilau pamoja, siku nyingi sijakuona. Huyo kijana aliyenifuata anasema binti akimtaja baba yake watu wazima wanalia. Nimefurahi kusikia, watoto wa namna hiyo wamekwisha. Nikifika nitaomba nionyeshwe, nimwambie baba yake alikuwa mtu mwenye bahati.” Kisha akauliza kama mama hajambo, na kabla sijajibu akasema salio linaisha.

Hajati, sijalala vizuri tangu hapo. Bénit anasema niugue malaria, au nijifunike mtandio mpaka puani, baba hatanijua kwa moshi wa jukwaani. Nikimwambia Ocen atalia, kisha atamwambia kila mtu, na hawa watu wa mtandaoni watasema nimemuua baba yangu mzazi kwa kiki, kila nilichojijengea peke yangu kitakuwa kichekesho cha mjini. Nikimwambia baba, namwambia vipi, baba umefariki? Nikinyamaza, ataketi mkekani, atainua mikono, na unajua wewe dua ya marehemu haisomwi bila jina, atageuka aulize marehemu anaitwa nani, na wote watanitazama mimi nijibu. Hapo ndipo ninapoishia kila nikiwaza, sijui uso wake utakuwaje.

Nisaidie. Na ficha vizuri, maana baba huisoma safu yako kila Alhamisi, ndiye aliyenizoesha kukusoma.

Binti wa Marehemu Mzima, Mengo.

HAJATI RASHIDAH ANAJIBU

Marahaba, bibi, na kwanza ondoka hapo chooni, hakuna anayetumbukia leo.

Nimecheka mpaka mjukuu wangu akaniletea maji. Nimeshayanywa, kicheko kimekwisha, sasa kaa kitako tuongee.

Unasema umemuua baba yako. Usijipe ukubwa. Mtangazaji ndiye aliyemuua, Mkongo wako akamtafutia ugonjwa, yule mwenye mvua yake akamzika, wewe kazi yako ilikuwa kupokea pole na kuangalia chini. Mtu unayejisifu kwamba unafanya kila kitu mwenyewe, gitaa mwenyewe, godoro mwenyewe, mpaka meneja ni wewe umekaza lugha, kazi moja tu ukawaachia watu baki, nayo ni kusema baba yako yuko wapi! Meneja wako wa uongo ana ujasiri kuliko wewe. Ungemtuma yeye redioni.

Na nikuulize jambo. Kampala hii ina washauri mpaka wamemwagika, wa redio, wa mtandaoni, masenga, hao mashangazi wa kufunda, wa kukodishwa, wachungaji wa kila kona. Katika wote hao umemwandikia yule ambaye baba yako anamsoma kila Alhamisi, kisha unaniambia nifiche. Bibi wee! Unataka baba ajue, ila unataka nimwambie mimi, wewe ubaki umejifunika mtandio. Mimi si tarishi wako.

Sasa kuhusu mama yako, ambaye umemlinda mpaka ukamfanya mjane bila kumwuliza. Umeandika mwenyewe kwa mkono wako kwamba kanzu ni nyeupe vilevile, haina hata vumbi. Kwa vumbi letu hili jekundu? Nguo nyeupe ikikaa msumarini Mengo kwa miezi tu inakuwa rangi ya chai. Na pasi iko chumba hicho hicho. Umetunga wimbo mzima juu ya kanzu, umeinusa, umeuhoji mlango, hukujiuliza nani anaifua! Mtunzi gani wewe? Nguo za marehemu hugawiwa, tunazitoa upesi tusizione. Mwanamke anayefua na kupiga pasi nguo ya mtu wiki hadi wiki anajua vizuri kwamba huyo mtu anapumua, na anajua anapumulia wapi. Alikuambia umeongea kidogo. Alikuwa anakusikiliza, alisubiri useme, ukasema asante.

Na hiyo aibu ya Nakawa unaibeba ya nini? Mume wangu mimi ana nyumba ya pili Kireka. Nimeisema hapa hapa kwenye safu hii, na picha yangu iko juu ikinitazama. Majirani walininong'ona wiki moja, wakachoka, wakahamia kwa mwingine. Kilichoniuma kilikuwa kumngoja, si kusemwa. Mama yako pia sidhani kinachomuuma ni majirani.

Unaogopa mashabiki. Haya, yule mwanamume aliyetoka nje kumpigia baba yake simu, baba yake alipokea, si ndiyo? Basi wimbo wako ulimpeleka kwa baba aliye hai. Hao wengine nao hawakuwa wakimlilia Mwalimu Abdulghani, hawamjui hata sura, kila mmoja alikuwa na wa kwake, wa kaburini au wa Nakawa yake. Wapo watakaokuita tapeli, na siku mbili tatu watakuwa na haki. Utavumilia. Anayetaka kuimba maneno ya kichwani mwake asimame nayo yakifika mdomoni pia, ama sivyo nenda kwa yule wa studio kubwa ukafundishwe kiuno.

Fanya hivi. Leo, kabla hujagusa simu ya Ocen, ingia chumbani kwa mama, funga mlango uione hiyo kanzu mkiwa wawili, umwambie yote, na umwombe radhi kwa kumtia eda asiyoijua. Mwulize kama unaweza kumpelekea baba kanzu yake. Akikataa, nyamaza, kanzu ni yake, sabuni yake, pasi yake. Akikubali, ikunje vizuri.

Kisha nenda Nakawa, mchana, baada ya adhuhuri, akiwa ametoka dukani. Bi Shamim umsalimie kwa adabu zote, ukae, unywe chai akikupa. Sikuambii umpende, ila hukuolewa wewe, na yeye hakumfunga baba yako kamba. Baba akiuliza kilichokuleta, usimweleze. Kila ukianza kueleza wewe unaishia kwenye asante. Toa gitaa umwimbie wimbo wote, mpaka pale mlango uliponyamaza, bila godoro na bila jogoo. Ukimaliza mwambie, “Baba, Binti Kanzu ni mimi, na marehemu ni wewe.” Halafu funga mdomo umwache. Akifoka, afoke, ana haki, si kila siku mtu anaambiwa amekufa kwa presha. Akilia, usimkimbie. Akikuuliza mbona hukuniambia unaniwaza, hapo ndipo na wewe umwulize mbona ulisema salio linaisha.

Ocen mwambie baadaye, na umpe kitambaa mkononi kabla hujaanza. Dua yake isifutwe, pilau limeshapangwa na Waislamu hatujawahi kukosa maiti wa kusomea. Asomewe huyo babu wa babu aliyekuja na misafara, naye ni baba wa watu, na kwa ndizi alizokula nadhani anahitaji. Mwalimu akikubali, asome yeye. Na kabla ya wimbo wa kwanza, simama uwaambie watu kwa mdomo wako kwamba baba yako hajafa, aliondoka nyumbani, na wimbo ni wa hilo. Sema hivyo tu, bila kujitetea. Atakayetaka kutoka atoke, chipsi atafungiwa.

Jibu hili nakutumia kwenye simu yako leo Jumatatu, mchana. Gazeti linatoka Alhamisi, barua yako ikiwa nzima kama ulivyoiandika, na Nakawa linafika asubuhi kama siku zote. Silizuii. Una leo, kesho na Jumatano, na usinipigie kunibembeleza, simu nimempa mjukuu acheze.

Na wewe Mwalimu, najua upo. Kama ni Alhamisi na unasoma haya huku kanzu iko mikononi mwako, basi binti ameshafika, geuza ukurasa ukasome habari za bei ya sukari. Lakini kama unasoma na hakuna aliyekuja, ujue ameogopa. Mtoto amekosa, nimemgombeza vya kutosha, wewe usirudie. Ila kanzu hakuitundika yeye, na simu za Idi kwa Idi hakuzianzisha yeye. Usingoje Jumamosi uwe mgeni rasmi wa msiba wako. Vaa viatu uende Mengo, mlango unaujua, na nyuma ya mlango kunakujua zaidi. Ulitaka uonyeshwe binti anayempenda baba yake hivyo, umwambie kwamba baba yake alikuwa mtu mwenye bahati. Yuko ndani na gitaa lake. Mwambie.